UZI: Siku ya 100 ya shule itaangukia Julai. Tuwafanyie nini watoto wa darasa la kwanza kwenye hesabu?

#1 Mwalimu wa Matete (Mbeya), Mei 27

Mugonile wana Mbeya, kamwene ndugu zetu wa Iringa na Njombe, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya serikali, upande wa Uyole. Nina watoto 63. Tangu tulipofungua Januari tuna desturi yetu moja. Kila asubuhi nikishaita majina, mtoto wa zamu anachukua kijiti cha tete na kukitia kwenye kopo. Siku moja, kijiti kimoja. Vikifika kumi tunavifunga kwa kamba ya mgomba, na fungu linahamia kopo la pili. Kopo la kwanza tunaliita la mamoja, la pili la makumi. La tatu liko tupu tangu Januari, na watoto wananiuliza habari zake kila wiki, kwa sababu niliwaambia hilo litapata mgeni mmoja tu.

Mgeni mwenyewe ni mia. Mwaka wetu wa masomo una siku 194 kwa mihula miwili, kwa hiyo nusu yake ni 97. Nikipiga hesabu, tutafunga muhula tukiwa na mafungu tisa na vijiti vichache juu yake, halafu likizo, Sabasaba ipite, ndipo siku ya 100 itukute mara tu baada ya kufungua.

Marekani siku hii ni sherehe inayojulikana kwa chekechea na madarasa ya mwanzo. Kwao shule hufunguliwa Agosti au Septemba, hivyo siku ya 100 huwakuta Februari. Mtoto huleta vitu 100 kutoka nyumbani, wengine huvalishwa kama wazee wa miaka 100, na mikongojo yao. Hiyo ya vitu 100 imenikaa moyoni. Hiyo ya mikongojo sitaifanya. Watoto wangu wengi wanalelewa na bibi, na sitaki wamwigize mtu anayeamka saa kumi na moja kuwachemshia uji.

Sasa niwaeleze kwa nini nahangaika na siku hii, maana si kwa ajili ya kupamba darasa.

Kila mwaka watoto wangu wanakwama mahali palepale. Mtoto anahesabu vizuri, ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, halafu anasema "ishirini na kumi". Zamani nilikuwa namkatiza, "siyo, thelathini!" Siku hizi namwacha kwanza, kwa sababu huyo mtoto ana akili. Kumi na moja hadi kumi na tisa zinajieleza zenyewe, unasikia kumi ndani yake. Lakini ishirini haikuambii kwamba ni kumi mbili. Thelathini haina tatu ndani yake, arobaini haina nne. Ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na mtoto anayameza mazimamazima. Akisema ishirini na kumi, amepatia idadi, amekosa jina tu.

Jambo la pili ni hela. Mtoto wa hapa kwetu anaijua "mia" kabla hajaja shule. Anatumwa dukani na mia, anarudi na pipi. Lakini kwake mia ni sarafu moja. Ni kitu kimoja, kinaenea kiganjani. Hajawahi kuiona mia ikiwa nyingi.

Kwa hiyo ninachotaka siku hiyo ni kwamba kila mtoto aishike mia kwa mikono yake, aivunje, aone kumi zikitoka ndani, kisha aifunge tena. Nipeni mawazo. Sharti langu ni moja tu: mzazi asitoe hata senti.

#2 Baba Pacha (Iringa), Mei 27

Kamwene mwalimu. Kwa sharti hilo la mwisho Mungu akubariki. Mwaka jana watoto wangu walikuwa shule moja (naomba nisiitaje) tukaambiwa kuna siku maalumu ya darasa. Kila mtoto elfu tano ya keki, na fulana ya rangi fulani. Nina pacha. Elfu kumi, na fulana mbili za kuvaa siku moja. Nililipa kwa sababu sikutaka wakae pembeni wakiangalia wenzao. Nilipowauliza jioni walijifunza nini, waliniambia keki ilikuwa ya pinki.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na mzazi wa kawaida alishusha pumzi. Haya mambo ya sherehe yasije yakawa mlango wa nyuma. Nakuunga mkono kabisa.

#3 Neema wa Mufindi, Mei 27

Watoto kumi wasimame mbele wainue mikono. Vidole 100 hivyo hapo!

#4 Mwalimu wa Matete, Mei 27

@Neema, nimesoma nikanyanyuka kwenye kiti. Miaka kumi na moja niko darasa la kwanza na sijawahi kuifanya hiyo. Mtoto mmoja ni kumi. Watoto wawili, ishirini. Mtoto wa kumi akisimama, mia imetimia, na hakuna aliyeleta kitu kutoka nyumbani. Na jina linabebwa na mtu: wakisimama Asha na Tumaini, hiyo ndiyo ishirini. Akikaa mmoja tunarudi kumi.

#5 Mdau wa Kilimo, Mei 28

Salaam. Mimi si mwalimu, nilisomea kilimo na nafanya kazi za mbegu hapa Mbeya. Niseme jambo ambalo huenda halijulikani sana: mia ni namba ya kazi kwetu. Tunapotaka kujua ukubwa wa mbegu ya aina fulani ya maharage, hatupimi moja moja. Tunahesabu mbegu 100 na kuziweka kwenye mizani. Zikizidi gramu 40, hayo ni maharage makubwa. Kati ya gramu 25 na 40 ni ya kati, chini ya 25 ni madogo. Hivyo ndivyo wanavyofanya watafiti, na Uyole ni moja ya vituo vya siku nyingi vya utafiti wa maharage nchini. Njano Uyole na Uyole 96 tunazokula zilitoka hapo.

Wazo langu ni hili. Mwambie kila mtoto au kila kundi walete mbegu 100, lakini za aina tofauti. Hawa maharage, hawa punje za mahindi, wale ulezi, wengine njegere kavu. Zimwageni kwenye visahani kando kwa kando. Mia ya ulezi itaonekana kama chumvi ya kwenye mboga. Mia ya maharage itajaza kiganja. Muulize mtoto wapi ni nyingi. Karibu wote watasema maharage. Hapo ndipo somo lilipo: idadi ni ileile, ukubwa wa chungu ndio tofauti. Ukiwa na mizani ya duka la jirani, pima mbele yao.

#6 Mama Sekela, Tukuyu, Mei 28

Mwalimu, umesema kweli kuhusu ishirini. Marehemu mama yangu hakusoma, ila kwa lugha yetu alihesabu kwa makumi. Makumi mawili, makumi matatu, mpaka makumi kumi. Hakuna jina jipya la kukariri. Alihesabu mikungu ya ndizi hivyo, na hakukosea. Kwa nini usiwaache watoto waseme "makumi mawili" kwanza, halafu uwaambie kwamba jina lake la shuleni ni ishirini?

#7 Mwalimu wa Matete, Mei 28

Shikamoo mama. Kuanzia kesho nafanya hivyo. Makumi mawili, jina lake ishirini. Makumi matatu, jina lake thelathini. Nadhani itasaidia hata wale wasiojua lugha ya nyumbani, kwa sababu maneno yenyewe ni Kiswahili.

@Mdau wa Kilimo asante sana. Mizani naijua ya kuazima. Ulezi nitaleta mwenyewe, sidhani kama nitamtuma mtoto wa miaka saba ahesabu punje 100 za ulezi kwenye baridi hii.

#8 Muuguzi Njombe, Mei 28

Samahani naingilia kidogo kwa upande wa afya. Mbegu na watoto wadogo vinataka jicho. Kila mara tunapokea mtoto mwenye harage puani au punje ya mahindi sikioni, hasa hawa wa awali. Walimu na wazazi mnaosoma hapa, tafadhali: likishaingia, msichokonoe kwa kijiti wala pini, mtalisukuma ndani. Na msimwagie maji kulitoa. Harage likipata maji linafura, na kazi inakuwa kubwa kuliko mwanzo. Mleteni kituo cha afya vilevile alivyo.

Kwa wa awali, tumieni vitu vikubwa. Vizibo vya soda, magunzi, mawe ambayo hayaingii mdomoni. Maharage yabaki kwa darasa la kwanza na la pili, tena yahesabiwe kabla ya kugawiwa na baada ya kurudishwa. Hiyo nayo ni hesabu.

#9 Msomaji wa Kyela, Mei 29

Mimi naona muweke mashindano. Atakayeweza kuhesabu moja mpaka mia bila kukosea apewe daftari. Watoto wanapenda zawadi.

#10 Mwalimu wa Matete, Mei 29

@Msomaji wa Kyela, nashukuru ila hapo naomba tutofautiane. Nina watoto zaidi ya ishirini wanaotaja moja mpaka mia kama wanaimba pambio. Nikimpa mmojawao maharage 23 ahesabu, anapata 26, kwa sababu mdomo unakimbia na kidole kinabaki nyuma. Mwingine anaruka harage moja, anaguswa na jirani yake, anaanza upya. Kutaja namba na kuhesabu vitu ni mambo mawili. Nikizawadia mdomo, wale wenye kidole kizuri na mdomo mzito watadhani hawajui. Na wapo. Nina msichana mmoja hasemi kitu darasani, lakini akipanga vizibo anavipanga kumi kumi kwenye mistari, na hakuna aliyemfundisha.

#11 Mzee wa Vitalu (Mafinga), Mei 29

Huyo msichana anafanya kazi kama sisi. Nina kitalu cha miche ya misindano. Viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, tunavipanga kumi kwa upana, mistari kumi kwenda urefu, ndipo tunaacha njia ya mguu. Mteja akija haulizi. Anaona tuta moja anajua ni mia. Kibarua akipanga tisa kwenye mstari mmoja, jicho linaiona hiyo pengo kabla hujahesabu.

Mwalimu, wapangie watoto vizibo kwenye uwanja hivyo hivyo, kumi kwa kumi. Kisha mwambie mmoja aondoe kimoja wengine wakiwa wamegeuka. Wataling'amua pengo lilipo. Nimewahi kumfanyia hivyo mjukuu wangu kwa viriba vitupu, hakutaka tuache mpaka giza likaingia.

Ila wasije wakakudanganya kupanda miche 100 siku hiyo. Julai ni kiangazi na baridi, itakufa. Subirini mvua za Novemba au Desemba.

#12 Mkulima wa Viazi, Mei 30

Mwanangu wa darasa la pili ananiuliza kila mwaka kwa nini gunia letu la viazi halifungwi mdomo mpaka liwekewe kofia. Hiyo ndiyo lumbesa, na imetutesa wakulima wa huku miaka mingi. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kipande juu, analipa bei ya gunia moja. Mwalimu, mkifika kwenye mia wafundishe pia kwamba mia ikishatimia inafungwa. Hakuna mia yenye kofia. Nilihesabu debe zangu vizuri siku moja, nikajua nilichopoteza, na nilichelewa kujua kwa sababu hesabu niliiacha mapema.

#13 Mama Tumaini, Mei 30

Nina swali. Mwanangu yuko darasa la kwanza hapa mjini. Mwezi wa tatu alikaa nyumbani wiki mbili na nusu kwa tetekuwanga. Wenzake wakisherehekea siku ya 100, yeye ni siku ya ngapi? Asije akaambiwa hana mia.

#14 Mwalimu Makete, Mei 30

Swali la mama hapo juu ni zito, kwetu hapa ni zito zaidi. Nina watoto waliokosa majuma mazima wakati wa kuvuna, wengine walibaki kulea wadogo zao. Mwaka mmoja nilibandika ukutani chati ya mahudhurio, kila mtoto na nyota zake. Nilidhani natia moyo. Mtoto mmoja aliyekuwa na nyota chache akaanza kukaa kwa namna ambayo mgongo wake uko kwenye chati. Niliibandua, sijairudia.

Na jambo jingine dogo: Julai huku kwetu asubuhi kuna barafu kwenye nyasi. Vidole havikunji. Shughuli za kufunga, kushika na kupanga vitu vidogo tunaziweka baada ya saa nne, jua likishatoka na uji umeshanywewa. Asubuhi tunafanya za miguu.

#15 Mwalimu wa Matete, Mei 31

@Mama Tumaini, pole na kuuguliwa. Nimekaa na swali lako usiku mzima. Kopo letu halihesabu siku za mtoto, linahesabu siku za darasa. Hata mimi niliugua malaria siku nne, na vijiti vinne viliwekwa na mwalimu mwenzangu. Sikuwepo, ila ni siku zangu. Mtoto wa tetekuwanga akirudi anakuta vijiti vya siku alizokosa, anaonyeshwa: hizi ndizo wenzako walikuwa wanakuwekea. Ndivyo nitakavyosema. Siku ni ya darasa zima.

@Mwalimu Makete, hiyo ya miguu asubuhi nimeichukua.

#16 Darasa Kubwa, Juni 1

Mwalimu wewe una 63. Mimi nina 118 na chumba kimoja. Haya ya maharage 100 kwa kila mtoto kwangu yanawezekanaje?

#17 Mdau wa Kilimo, Juni 1

Nikusaidie kwa mahesabu tu. Watoto 118 mara maharage 100 ni 11,800. Tuchukue gramu 40 kwa kila mia, inakuja gramu 4,720. Chini ya kilo tano za maharage. Si mengi, na yakirudi yote mnayapika.

#18 Mwalimu Makete, Juni 1

Maharage si tatizo mdau, tatizo ni mikono 236 kwa mwalimu mmoja. @Darasa Kubwa, usimpe kila mtoto mia. Mpe kila mtoto kumi. Kumi anaimudu, anaihesabu kwenye paja lake. Kisha watoto kumi waungane, wamwage pamoja kwenye sandarusi moja. Utapata vikundi kumi na moja, na wanane watabaki. Hao wanane usiwaache, waambie wote waone: kundi hili lina makumi nane, limepungukiwa ngapi lifike mia? Wewe na mwalimu mwenzako ingieni, mtimize.

#19 Darasa Kubwa, Juni 1

Nimeinakili kwenye daftari la maandalio. Asante sana.

#20 Parachichi Rungwe, Juni 2

Kwa walio Rungwe na Njombe, maboksi ya parachichi ya kusafirishwa nje yana namba. Boksi la kilo nne likiandikwa 20, maana yake ndani kuna matunda 20. Likiandikwa 16 matunda ni makubwa zaidi, yameenea 16 tu. Maboksi matano ya 20 ni parachichi 100. Watoto wanaopita kwenye vituo vya kupokelea parachichi wanaziona namba hizo kila siku na hakuna anayewaeleza. Na trei la mayai ni 30, kwa hiyo trei tatu na mayai kumi ndiyo mia.

#21 Neema wa Mufindi, Juni 2

Bao nalo lina kete 64, msisahau. Ila hiyo ni ya wakubwa kidogo.

#22 Mwalimu wa Matete, Julai 19

Ndugu zangu, samahani kwa ukimya. Likizo ilipita, tukafungua, na juzi siku ya 100 ilifika. Nilitaka nisiandike kwa haraka.

Tulianza na miguu kwa sababu kulikuwa na baridi kali. Nilisimama nao mlangoni nikawauliza: tukipiga hatua 100 kutoka hapa tutafika wapi? Wengi walisema barabarani. Mmoja alisema Mwanjelwa, mbali kule mjini. Tukatembea tukihesabu kwa sauti, darasa zima, walimu wengine wakatoka ofisini kuangalia. Tuliishia kwenye tenki la maji, kabla ya hata nusu ya uwanja. Wakanigeukia kama nimewaibia. Nikawaambia sasa ni zamu yangu, nihesabieni. Hatua zangu 100 zilifika kwenye mikaratusi ya mpakani. Kelele ilikuwa kubwa. "Mwalimu amedanganya!" Ilitubidi turudi tupime hatua yangu moja kwa kamba, na hatua ya mtoto moja kwa kamba nyingine, tuziweke kando kwa kando. Hapo wakanyamaza. Sikupanga kufundisha vipimo siku hiyo, kamba tuliitafuta palepale.

Vidole vya Neema tulifanya baada ya uji. Nitavikumbuka maisha. Watoto kumi mbele, mikono juu, na waliokaa wakitaja: makumi mawili, jina lake ishirini (Mama Sekela, sikia hiyo). Alipofika wa kumi akainua mikono, darasa likapiga kelele "mia" kabla sijauliza. Kisha yule msichana asiyesema akanyoosha mkono akaniuliza, na vya miguu? Tukavua viatu kwenye ile baridi. Vidole vya miguu mia nyingine. Hilo swali ni lake mwenyewe.

Visahani vya mbegu vilikwenda kama mdau alivyosema. Karibu wote walichagua maharage. Mvulana mmoja alibisha kwamba ulezi haukuwa mia, nimepunja. Nikampa. Alikaa kwenye ngazi anahesabu punje za ulezi kwa ncha ya kijiti, muda mrefu sana, wenzake wamehamia kwenye vizibo. Akarudi akasema, "Ni mia na mbili, mwalimu." Alikuwa sahihi. Nilihesabu usiku kwa taa na nilikosea. Tukazitoa mbili mbele ya wote.

Vitu vya kutoka nyumbani sasa. Niliwaambia walete mia ya kitu chochote kisichonunuliwa. Zilikuja kokoto, magunzi, majani, vizibo, vijiti vya kiberiti vilivyowaka. Mtoto mmoja alileta maharage kwenye soksi, na kila tulipohesabu yalikuwa 97. Alianza kulengwalengwa. Nikauliza darasa, kutoka 97 bado ngapi? Kabla hawajajibu kwa mdomo, jirani yake alishatoa maharage matatu kwenye mfuko wake na kumtilia. Kisha yeye naye akabaki na 97, na ikabidi tuanze upya. Tulizunguka hivyo mara nne. Mwishowe nilitoa matatu kwenye akiba yangu ya mezani, kama mwalimu Makete alivyoshauri kwa wale wanane.

Na wa mwisho. Mvulana alikuja mikono mitupu. Nikamwita pembeni nisije nikamwaibisha. Akafungua kiganja: sarafu moja ya shilingi mia. "Nimeleta mia." Nilikosa la kusema. Nililiweka swali kwa darasa: hii ni mia au siyo? Nusu wakasema siyo, ni moja. Nusu wakasema ni mia, dukani wanaikubali. Walibishana vizuri mno, sikuwaingilia. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, ni kama lile fungu. Ukilifunga ni moja, ukilifungua ni mia."

Hapo nilitoka nje kidogo.

Mchana tukafunga. Mafungu kumi ya matete yakakusanywa, tukayafunga kwa kamba moja ndefu, watoto wanne wakivuta. Likaingia kopo la tatu. Vizibo vya Mzee wa Vitalu vilibaki kwenye uwanja kumi kwa kumi, na mpaka jana walikuwa wanaibiana pengo.

#23 Baba Pacha (Iringa), Julai 19

Mwalimu, umenitoa machozi. Na hakuna aliyetoa elfu tano.

#24 Mzee wa Vitalu (Mafinga), Julai 20

Huyo wa punje 102 mtunzeni. Akikua namtaka kitaluni.

#25 Mama Tumaini, Julai 20

Hongera mwalimu. Naomba kuuliza, siku ya 101 mlifanya nini? Makopo mlianza upya?

#26 Mwalimu wa Matete, Julai 20

Hatukuanza upya, mama. Asubuhi iliyofuata mtoto wa zamu alichukua kijiti kimoja akakitia kwenye kopo la mamoja, kama kawaida. Kisha huwa tunaandika ubaoni kilichomo kwenye kila kopo. Kopo la mamia lilikuwa na fungu moja kubwa. La mamoja kijiti kimoja. La makumi, ambalo watoto wamelizoea likiwa limejaa tangu Februari, lilikuwa tupu.

Mtoto akasimama na chaki mkononi. Akaniangalia, akaangalia kopo, akachungulia ndani kabisa. "Mwalimu, hapa katikati hakuna kitu. Niandike nini?"

Sikumjibu. Nikawauliza wengine. Mmoja akasema tuache nafasi. Mwingine akasema tukiacha nafasi mtu atadhani ni kumi na moja. Wakabishana tena, mpaka yule wa kwenye ubao akasema, "Basi niandike kwamba hakuna." Akaandika 1, akachora duara katikati, akaandika 1 nyingine.